NDEGE ZA VITA JUU YA MASHUKA



Kila mtu anayepita sokoni siku ya kufungua balo anajua kama mashuka ya Ulaya yanafika huku na foto za kila namna: maua, mistari, vichwa vya farasi, watoto wa sinema, majina ya timu za mpira. Tangu trimestre iliyopita mu internati yetu kuna moja ya namna nyingine. Ni kitambaa cheupe, na juu yake kuna ndege za vita za zamani. Hazikupigwa na aparei ya foto. Zimechorwa kwa kreyo, sawa vile mtu alikaa mezani na kuchora polepole, na chini ya kila ndege jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo. Wanafunzi wamoja wanaipenda sana, mpaka wanaomba kukaa kidogo juu ya kile kitanda saa ya mapumziko. Wengine hawataki hata kuiona. Na karibu wote wanauliza maneno mamoja: ni ndege gani hizi? Sababu gani watu wa Ulaya wanalala nazo? Na kreyo, ambayo sisi tunaifuta kwa gome, namna gani haitoki mu maji?

Nimesoma katika vitabu, nimeuliza mwalimu wa historia na mwalimu wa shimi, na bwana surveyan aliniruhusu kuangalia kitambaa kwa lupu ya labo.

Kwanza, ile haiko shuka kweli. Ni mfuko mkubwa wenye vifungo upande wa chini. Ulaya, fasi ya baridi, watu wengi hujifunika na kitu sawa godoro jepesi, chenye manyoya ya bata ao nyuzi ndani. Kitu kile ni kigumu kufua. Basi wanakivika mfuko, na ni mfuko ndio unafuliwa. Huku kwetu tunautandika tu vile uko, kitambaa mara mbili, na unakuwa shuka nzito nzuri. Pamoja na mfuko kulikuwa foronya mbili za mito.

Sasa ndege. Ile ya juu, upande wa kichwa, ni Spitfire ya Uingereza. Mtu aliyeipanga ni R. J. Mitchell. Iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na mwaka uliofuata Mitchell alikufa kwa kansa akiwa na miaka 42. Hakuona kazi ambayo ndege yake ilifanya. Muangalie mabawa yake kwenye picha: yamezunguka sawa yai refu lililobanwa, nayo ni membamba sana. Kwa bawa lile mtu anaweza kuijua Spitfire hata toka mbali. Motere yake iliitwa Merlin. Wengi wanafikiri ni jina la mchawi wa hadithi za Waingereza, kumbe ni jina la ndege mwenye manyoya, aina ndogo ya kozi, maana kiwanda cha Rolls-Royce kilikuwa kinapatia motere zake majina ya ndege wanaowinda. Spitfire zaidi ya 20 000 zilitengenezwa.

Mwaka 1940, toka Julai mpaka Oktoba, ndege za Ujerumani zilivuka bahari kusudi ziangushe jeshi la anga la Uingereza. Spitfire na ndugu yake Hurricane ndizo ziliwazuia. Hurricane haiko juu ya kitambaa chetu, na mimi naona ni kosa ya mchoraji, kwa kuwa katika vita ile Hurricane ziliangusha ndege nyingi kuliko Spitfire. Lakini haina sura nzuri sawa Spitfire, na mu mambo ya kuuza, sura ndiyo inasema. Tena Hurricane ingefaa sana juu ya shuka, sababu yenyewe ilivaa kitambaa! Sehemu yake ya nyuma ilikuwa mifupa ya chuma na mbao, na juu yake kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza kikawa kigumu sawa ngoma. Risasi ilipopita ndani ya kitambaa bila kugonga kitu, mafundi walibandika kiraka na ndege ikarudi kazini.

Mambo ya kitambaa na ndege hayaishi pale. Marubani waliopita juu ya inchi za adui walipewa karta zilizochapwa juu ya hariri. Karatasi inapiga kelele mfukoni na inapasuka ikilowa maji. Hariri inakunjwa ndogo, haisikiki, na hata mtu akianguka mu mto karta yake inasomeka. Shida ilikuwa wino: ulisambaa ndani ya nyuzi, na barabara zikawa sawa mito. Waingereza waliongeza pektini ndani ya wino, kitu kile kile kinachogandisha konfitiri, na mistari ikakaa fasi yake. Nisipoambiwa nisingefikiri kama konfitiri inaweza kuponyesha mtu. Na kisha vita, kwa kuwa nguo zilikuwa haba, wanawake wengi wa Uingereza walikata parashuti na kushona nguo za ndani na hata nguo za arusi.

Ndege ya pili ni Lancaster, ile kubwa ya katikati. Iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Januari 1941. Iko na motere ine, zote Merlin, na watu saba ndani. Ilibeba bombe za tani zaidi ya 6. Mchoraji ameionyesha toka chini, na milango ya tumbo imefunguliwa. Lancaster 7 377 zilitengenezwa, na zaidi ya 3 000 zilipotea katika kazi ya vita. Siku hizi ni mbili tu zinazoruka bado, moja Uingereza na moja Canada. Katika jeshi la Waingereza la ndege za bombe walikuwa watu karibu 125 000 wanaoruka, na 55 573 walikufa. Ukichukua wawili waliopanda, karibu mmoja hakurudi. Wengi wao walikuwa na miaka yetu ya wa sita, ao kidogo kupita. Na chini kulikuwa watu vilevile. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 Lancaster nyingi zilikwenda juu ya mji wa Dresden, Ujerumani, na ndege za Marekani zikafuata mchana. Watu mpaka 25 000 walikufa pale, wakubwa kwa wadogo.

Ya tatu ni Dakota, na hii wengine wetu tunaijua bila kufundishwa. Ndiyo DC-3 iliyovaa nguo ya askari. DC-3 ya kwanza iliruka tarehe 17 Desemba 1935, na wakati wa vita Wamarekani walitengeneza zile za jeshi karibu 10 000. Mu Juni 1944 ziliangusha askari wa parashuti juu ya Normandie. Mwaka 1948 na 1949 Dakota na ndege nyingine zilipeleka chakula na makala Berlin, wakati barabara zilikuwa zimefungwa. Inaweza kushuka juu ya kiwanja kifupi cha udongo. Ndiyo sababu huku mashariki ya Congo ilifanya kazi hata kisha mwaka 2000, na wazazi wetu wanasimulia jinsi ilivyobeba nyama, chumvi, mafuta na watu pamoja. Mimi naipenda kuliko zote. Katika ndege zote za kitambaa ni yenyewe peke yake ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba.

Ya ine, ile ndogo ya kona, ni Harvard, ya Wamarekani, ya kufundishia marubani. Zaidi ya 15 000 zilitengenezwa. Wabelgiji walikuwa nazo Kamina, mu Katanga, ambako walifungua shule ya marubani katika miaka ya 1950. Vijana wa Ubelgiji walikuja kujifunza kuruka juu ya pori letu, sababu mbingu ya Kamina iko wazi kuliko ya kwao. Ndege ya namna hii ilirudi tena mwaka 1964, wakati wa vita ya Simba, lakini safari hii ikiwa na silaha chini ya mabawa. Pamoja nayo zilikuja T-28 na B-26 za Marekani, zikiendeshwa na Wacuba waliomkimbia Castro. Kwa hiyo mtu asiseme kama zile ni picha za vita ya Wazungu tu. Mu vijiji vya Uele, vya Maniema na vya Kivu wangali wazee waliojificha chini ya migomba juu ya ndege zile.

Imebaki ya tano, na haiko juu ya mfuko, iko juu ya foronya: B-29. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo. B-29 iliruka mara ya kwanza mu Septemba 1942. Ilikuwa ndege kubwa na ya ajabu kwa wakati ule: watu wake walikaa ndani ya vyumba vyenye hewa iliyoshindiliwa, kusudi wapumue vizuri kule juu sana. Tarehe 6 Agosti 1945 moja yao, iliyoongozwa na Paul Tibbets, ilitupa bombe ya atomiki juu ya Hiroshima, Ujapani. Tibbets alikuwa ameandika juu ya ndege jina la mama yake, Enola Gay. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu karibu 140 000 walikuwa wamekufa. Na uranium ya bombe ile, sehemu kubwa ilitoka wapi? Shinkolobwe, mu Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa ametuma mawe yapata tani 1 200 New York, na yalikaa mule ndani ya depo mpaka Wamarekani walipoyahitaji. Mawe yale yalikuwa tajiri kupita kiasi: uranium oksidi karibu 65 kwa mia, wakati fasi nyingine watu wanafurahi wakipata hata moja kwa mia. Yalichimbwa na mikono ya Wakongomani, na hakuna aliyewaambia yanakwenda kufanya nini. Enola Gay yenyewe iko leo ndani ya nyumba ya makumbusho karibu na Washington, imesafishwa, inangaa. Watu wanaizunguka na kupiga foto.

Basi namna gani mtu analaza kichwa juu ya kitu hiki? Nilifikiri sana. Kwa mtoto wa Uingereza, nafikiri, Spitfire ni ndege iliyolinda nyumba ya babu yake. Anaijua toka utoto, anabandika vipande vya plastiki kuitengeneza, wazazi wanampeleka kuiona ikiruka siku ya sikukuu. Akilala chini yake anajisikia amelindwa. Sitaki kumcheka. Lakini mtu wa Dresden hatanunua Lancaster kwa kitanda cha mtoto wake, na sidhani kama B-29 inauzwa sana Hiroshima. Picha ni ile ile, kinachobadilika ni fasi uliyosimama: juu, ao chini.

Na kreyo inasaidia kusahau. Hili niliona kisha kuangalia muda mrefu. Foto ya kweli ya wakati wa vita iko na matope, mafuta, moshi, nyuso za watu wasiolala. Kreyo inaacha yote. Inachora chuma, misumari midogo ya mabawa, kivuli kidogo chini ya tumbo, na kisha nyeupe tu. Hakuna inchi chini ya ndege. Hakuna mji. Lancaster imefungua milango yake juu ya kitambaa kitupu, na unaona ustadi wa fundi tu. Tena kreyo inakumbusha meza ya mhandisi: unafikiri unaangalia plani ya Mitchell kabla ndege haijazaliwa, wakati ilikuwa bado haijaumiza mtu.

Sasa namna ya kuchapa. Kreyo ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa. Mtindo huu ulitoka kwa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795. Grafiti ni kaboni, ndugu wa almasi ya Mbuji-Mayi, tofauti ni mpango wa atomu tu. Katika grafiti atomu zimepangwa sawa karatasi juu ya karatasi, nazo zinateleza. Ukipitisha kreyo, karatasi moja moja zinabaki juu ya buku. Hazishiki, zinakaa tu. Ndiyo sababu gome inazitoa. Kwa hiyo hakuna mtu anayechora shuka kwa kreyo. Anachora juu ya karatasi, mara moja, kisha mashini inasoma picha ile na kuigeuza kuwa vitone.

Muniombe lupu na mtaona. Ile rangi ya kijivu ya mabawa haiko kijivu: ni vitone vidogo vyeusi vingi juu ya kitambaa cheupe. Fasi ya kivuli vitone vimekaribiana, fasi ya mwanga vimeachana. Jicho likiwa mbali haliwezi kuvitenga, linachanganya nyeusi na nyeupe, na wewe unasema kijivu. Magazeti yanafanya hivyo tangu zamani.

Kutia vitone juu ya kitambaa kuna njia nyingi. Njia ya viwanda vikubwa, ambayo vitambaa vingi vya mama zetu vinapitia, ni ya chujio. Unachukua wavu mwembamba sana, unaziba matundu yote isipokuwa pale picha inapotakiwa, na unasukuma rangi ipite. Kila rangi inadai chujio yake. Picha ya kreyo iko na rangi moja, kwa hiyo chujio moja inatosha, na hii ni sababu moja kampuni zinapenda michoro ya namna hii: bei iko chini. Chujio ya mviringo inazunguka na kitambaa kinapita chini yake bila kusimama, metre nyingi kwa dakika.

Njia ya pili ndiyo ilitumika kwa mfuko wetu. Wanachapa picha kwanza juu ya karatasi, ikiwa imegeuzwa kushoto kuume. Wanalaza karatasi juu ya kitambaa cha poliesteri na kuigandamiza na chuma chenye moto wa degre karibu 200. Rangi ile ni ya namna ya pekee: haiyeyuki kuwa maji, inatoka kuwa kitu kigumu na kuwa mvuke mara moja, sawa iode tuliyoona mu labo. Kwa moto ule nyuzi za poliesteri zinafunguka kidogo, mvuke unaingia ndani, na kitambaa kikipoa zinajifunga. Rangi inabaki imefungiwa ndani. Ndiyo sababu haitoki mu maji wala mu sabuni: haiko juu ya uzi, iko ndani ya uzi. Juu ya pamba haishiki, ingetoka siku ya kwanza mtoni. Poliesteri hiyo, nyuzi zinazotoka mu petroli, ilivumbuliwa Uingereza na Whinfield na Dickson mwaka 1941, mwaka ule ule Lancaster iliruka mara ya kwanza. Kitambaa na picha yake wako na miaka mimoja!

Nilijua namna gani ni poliesteri? Tulivuta uzi mmoja toka mshono wa ndani, tukauchoma. Pamba inawaka sawa karatasi na kuacha majivu. Huu uliyeyuka, ukajikunja, ukawa kitone kigumu cheusi. Alama ya pili: upande wa ndani ni mweupe kabisa, maana mvuke uliingilia upande mmoja tu na haukupita mpaka ng'ambo.

Alama hii ya pili ilitusaidia kwa jambo lingine. Wawili wa dortwari yetu walikimbia vita ya Masisi pamoja na wadogo wao, na wamesikia bombe kwa masikio yao. Hawakugombana na mtu. Walisema tu kwamba saa ya kuamka, wakifungua macho, ile Lancaster yenye tumbo wazi iko mbele yao. Wengine walijibu ni karatasi tu, ni kreyo tu, mwenye kitu ana haki ya kitu chake. Maneno yalianza kuwa makali, mpaka usiku mmoja mtu alivuta mfuko na kuutupa chini. Kwa hiyo tulikaa, bwana surveyan, mwenye kitanda, wale wawili na mimi. Mama yake alilipa feza kwa kitu kile, na hana kingine cha kujifunika. Kumnyanganya ingekuwa uonevu. Lakini mfuko unageuzwa. Ukiuvuta ndani nje, ndege zote zinaingia ndani na nje inakuwa nyeupe. Mwenyewe ndiye aliyeugeuza, mbele yetu. Wale wanaopenda kutazama Dakota waende wamuombe mchana, naye atawaonyesha. Foronya ya B-29 mwalimu wa historia aliiomba kwa somo la Shinkolobwe. Imefungwa ukutani karibu na karta ya Katanga, na yeye alimpa mwanafunzi foronya nyingine isiyo na picha.

Kwa wale walio na vitambaa vya namna hii nyumbani: mvifue na maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, mvianike fasi ya kivuli. Javeli haina faida yoyote, picha haitoki, ila mshono unalegea. Na muangalie sana pasi ya makala. Ikiwa moto kupita kiasi nyuzi zinafunguka tena, rangi inatoka mvuke na kuingia mu nguo iliyo chini yake. Mtajikuta na bawa la Spitfire mgongoni mwa shati ya shule. Ikizidi zaidi, kitambaa kinashika pasi na kutoboka. Mtandike kwanza kitambaa cha pamba kilicholowa, ndipo mpitishe pasi juu yake haraka haraka.

Kiongozi wa wanafunzi,
mwaka wa sita